Kabla ya mvua ndefu, fuateni ule waya hadi ardhini

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa stima hapa Vihiga, na kazi hii niliianza mwaka 1998 nikimbebea mjomba wangu ngazi. Nimetia waya nyumba, makanisa, visiagi na shule kuanzia Luanda hadi Kakamega, na mara nyingine kazi hunipeleka Kisumu na nyanda za Kano. Naomba nafasi nizungumze na watu watatu: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi ya shule, na yule anayenunua vyuma chakavu kwa mizani kando ya barabara. Mvua ndefu zinakaribia, na huku kwetu mvua ndefu haziji bila radi.

Oktoba mwaka jana niliitwa katika shule moja ya bweni ya wasichana. Siitaji jina, kwa sababu kilichotokea pale kingeweza kutokea katika shule nyingi nilizokanyaga. Radi ilikuwa imepiga Jumamosi saa kumi jioni. Nilifika Jumapili asubuhi, nyasi zikiwa bado na maji. Naibu wa mwalimu mkuu alinipokea langoni na kabla hatujamaliza kusalimiana akanyoosha kidole kwenye paa la bweni. "Fundi, arresta si ile pale? Tulinunua. Risiti iko kwenye faili. Sasa imekuwaje?"

Kweli ilikuwapo, fimbo ya shaba imesimama wima juu ya paa. Nikaufuata ukanda wake kwa macho. Ulishuka juu ya mabati, ukapita nyuma ya mfereji wa maji, ukashikana na ukuta, kisha ukapotea ndani ya kichaka cha bogenvilia kilichokuwa kimepanda ukutani. Nilikisukuma kando kwa mpini wa nyundo. Ukanda ulikomea mahali ambapo mtu wa kimo changu hufika akiinua mkono. Chini ya hapo palibaki matundu ya skrubu na mstari wa rangi safi, mahali ambapo vumbi la miaka halikugusa ukuta kwa sababu shaba ilikuwa imeufunika. Mwizi alitumia msumeno wa chuma, na mkato wake ulinyooka vizuri. Pale kwenye mkato shaba ilikuwa imeyeyuka na kuganda tena, ikafanya shanga tatu, kubwa yake kama punje ya mtama. Nilizigusa kwa ukucha. Zilikuwa laini kama kioo.

Kutoka pale lipu ilikuwa imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, matofali yakionekana. Radi ilipofika mwisho wa ukanda haikuweza kurudi mawinguni. Ilirukia vyuma vya dirisha. Upande wa pili wa dirisha hilo, kikigusana na vyuma hivyo, kulikuwa na kitanda cha chuma, na kitandani alikuwa amelala msichana wa kidato cha tatu aliyekuwa na homa. Wenzake walikuwa nje wakianua nguo.

Mungu alimnusuru. Alitupwa sakafuni, mkono wa kushoto ukafa ganzi siku mbili, sikio moja likavuma wiki nzima. Kompyuta za maabara ziliungua, pampu ya kisima iliungua, na kengele ya stima iliungua. Hivyo vitu vinanunuliwa.

Nataka nieleze kilichoharibika, kwa sababu naibu yule aliuliza swali la haki na watu wengi wangeliuliza vilevile. Kosa linaanza kwenye jina. Huku tunasema arresta, na Kiswahili chetu cha kila siku kinasema kizuia radi. Majina yote mawili yanamfanya mtu aamini kwamba ile fimbo ikishapanda juu ya paa, radi haitakuja tena. Hakuna chuma kinachozuia radi isishuke. Mimi napenda neno kikinga radi, kwa ile maana ya kukinga maji ya mvua. Mama anayekinga maji ya paa hazuii mvua. Anaweka mfereji, maji yanapokelewa, yanateremshwa kwa bomba, yanaingia tangini bila kulowesha ukuta. Sasa kata lile bomba katikati ya ukuta uone maji yatakwenda wapi. Paa lenye mfereji uliokatwa hulowesha ukuta mahali pamoja, na kwa nguvu, kuliko paa lisilo na mfereji kabisa. Ndivyo ilivyokuwa pale bwenini. Fimbo ilipokea kama ilivyotakiwa, ukanda ukateremsha kama ulivyotakiwa, halafu njia ikakoma mita mbili juu ya ardhi, karibu na kichwa cha mtoto.

Benjamin Franklin wa Marekani alilieleza jambo hili katikati ya karne ya 18, na sehemu zake hadi leo ni zilezile tatu: kitu cha kupokea juu, njia ya kushukia, na kitu cha kumwaga ardhini. Shule zetu hununua ya kwanza kwa sababu inaonekana kutoka barabarani. Ya pili huonekana nusu. Ya tatu imefukiwa, na kwa miaka yangu yote sijawahi kuona mgeni rasmi akiongozwa kwenda kuitazama.

Uzito wa mzigo wenyewe mtu anapaswa kuujua. Soketi ya nyumbani hubeba ampea 13. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000, na kubwa sana hufika 200,000, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hewa inayopitiwa hupata joto la nyuzi zipatazo 30,000, karibu mara tano ya joto la uso wa jua, nayo hupanuka kwa ghafla, na huko kupanuka ndiko tunakosikia kama ngurumo. Sisi tunaoishi kati ya ziwa na milima ya Nandi tumo katika mojawapo ya sehemu za dunia zenye radi nyingi. Mchana upepo wa ziwa huja na unyevu, hukutana na upepo wa mashariki na kupandishwa na miinuko, na ikifika saa tisa au saa kumi wingu limesimama. Usiku mambo hugeuka, radi zikapiga ziwani, na wavuvi wa Dunga na Usenge wanajua ninachosema.

Nikiwa ninafungua vifaa vyangu, mlinzi wa shule alikuja kunisaidia kushika ngazi. Alikuwa amehuzunika, akidhani atalaumiwa kwa wizi. Akaniambia, "Lakini mzee, radi haipigi mahali pamoja mara mbili. Sasa hivi watoto wako salama." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Jengo la Empire State kule New York hupigwa mara 20 hivi au zaidi kwa mwaka, na kila mara ni jengo lilelile. Radi hufuata kimo na njia, na kama bweni liko juu ya kilima leo, kesho pia litakuwa juu ya kilima.

Sasa niseme na mwenye mizani. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na minara ya stima, na miezi michache baadaye ikairuhusu tena kwa masharti. Ndugu yangu, wewe unajua kopa inayoletwa kwako ilikuwa nini. Waya wa mota iliyoungua una alama ya vanishi na umejikunja. Waya wa nyumba una kipande cha plastiki. Lakini ukanda bapa wa shaba, upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, wenye matundu ya skrubu, hautoki popote isipokuwa kwenye ukuta wa shule, kanisa, hospitali au mnara wa simu. Mita mbili zake zina uzito wa kilo moja na theluthi hivi. Nimekaa nikapiga hesabu ya pesa alizopata aliyekata ule wa bwenini: unga, sukari, mafuta ya kupikia, basi. Kijana aliyeukata huenda hakujua anachokata. Wewe uliyeupima ulijua. Ukikataa bapa hilo siku moja, hatakuwa na mahali pa kulipeleka.

Nisionekane kama ninawalaumu wengine nikijisafisha. Mwaka 2009 nilifunga kikinga radi katika kanisa moja kwenye vilima vya Maragoli. Mnajua kulivyo, majabali yamebebana kama mizigo ya sokoni. Nilipiga nondo ya ardhini kwa nyundo kubwa, ikaingia nusu mita ikagonga mwamba. Nikasogea hatua tatu, ikagonga tena. Jua lilikuwa linatua, boda boda ananingoja, wazee wa kanisa wamekaa kwenye benchi na bahasha ya malipo. Niliikunja ile nondo, nikailaza, nikaifunika kwa udongo, nikamwaga maji juu na kuushindilia kwa kisigino. Nikapokea pesa yangu. Juu ya paa kazi ilikuwa nzuri, watu wakasifu. Kwa miaka mitano kila wingu lilipopanda upande ule nilijua nilichokifunika.

Mwaka 2014 nilinunua mashine ya kupima jinsi ardhi inavyopokea stima, ya mtumba, katika mtaa wa Luthuli, Nairobi. Kazi yake ya kwanza niliipeleka kanisani, bila kuitwa. Ilisoma omu 240. Omu hupima jinsi ardhi inavyoikatalia stima njia, na namba ikiwa ndogo ndiyo bora.

Kiwango cha kimataifa, IEC 62305, kinashauri isizidi omu 10. Mtu wa kawaida akiona 10 na 240 haoni tofauti ya kutisha, kwa hiyo fanya hesabu tuliyofundishwa shuleni, ya kuzidisha ampea kwa omu. Ampea 30,000 mara omu 240 ni volti milioni saba na laki mbili, zote zinasimama ukutani zikitafuta mahali pa kurukia, na ndani ya ukuta kuna waumini. Radi halisi haifuati hesabu nyepesi hivyo, lakini upande inaoelekea ni huohuo. Nikawaambia wazee ukweli. Niliogopa kuliko siku yoyote kazini. Mmoja aliuliza tu, "Utarudi lini na jembe?"

Tulichimba siku tatu. Pale ambapo nondo haizami, dawa ni kutandaza. Tulichimba mitaro mitatu, kina cha kufika goti na zaidi, imetawanyika kutoka sehemu moja kama vidole vya kuku, kila mmoja mita nane. Tukalaza ukanda humo, tukaufunika kwa udongo wa mfinyanzi ambao kina mama walibeba kwa ndoo kutoka bondeni, maana kokoto na changarawe hazishiki maji. Mashine ikasoma 17. Tukaurefusha mtaro mmoja hadi kwenye migomba ambako ardhi haikauki. Ikasoma 9. Wazee walitaka kunilipa, sikuweza kupokea.

Mafundi wenzangu wengi bado wanatia chumvi na makaa kwenye shimo la nondo. Nami nilifundishwa hivyo. Siku ya kwanza kipimo hushuka na kila mtu hufurahi. Lakini mvua za huku kwetu huosha ile chumvi msimu mmoja au miwili, na kabla haijaondoka huwa imeshaanza kula chuma. Kule Kano, kwenye udongo mweusi wa Ahero, hakuna haja hata ya kuliwazia hilo. Nondo huzama kama kisu kwenye ugali na kipimo hutoka kizuri mara ya kwanza. Kazi ya Kano huwezi kuihamishia Maragoli kwa bei ileile, na bodi ikipewa bei moja kwa sehemu hizo mbili, iulize kwa nini.

Tena bodi ziwe macho na wauzaji wa fimbo moja. Mwaka huu nimeonyeshwa karatasi ya mauzo yenye duara kubwa jekundu lililofunika shule nzima, madarasa, bwalo, nyumba za walimu na uwanja, na katikati yake kidude kimoja cha bei ya kutisha. Viwango nilivyovitaja havikubali hesabu ya namna hiyo. Wapimaji huwazia mpira mkubwa, wenye nusu kipenyo cha kati ya mita 20 na 60 kulingana na uzito wa hatari, wakaubingirisha juu ya majengo kutoka pande zote. Kila mahali mpira unapogusa, radi inaweza kugusa. Fimbo ya mita tano juu ya bweni hailindi jikoni lililo mwisho wa uwanja. Jengo lenyewe nalo linahitaji angalau njia mbili za kushukia, na jengo refu zaidi ya hizo, kila baada ya mita 10 hadi 20 kulizunguka, ili mzigo ugawanyike.

Jambo la mwisho la ufundi, nalo ndilo lililomponza yule msichana hata kuliko mkato. Vyuma vyote vya jengo vinapaswa kuunganishwa na njia moja ya ardhi: vyuma vya dirisha vilivyo karibu na ukanda, mifereji, bomba la maji, nguzo za tangi, na waya wa ardhini wa stima yenyewe. Hata ardhi nzuri ya omu 10 hupandisha volti laki tatu kwa ile sekunde ndogo. Vikiunganishwa, vyote hupanda pamoja na kushuka pamoja, hakuna cha kumrukia mwenzake. Ni kama ndege anayetua juu ya waya wa stima na kuimba, kwa sababu miguu yote miwili iko mahali pamoja. Na karibu na meta kifungwe kile kifaa kidogo cha kumwaga ardhini mpando wa ghafla wa volti, kwa sababu radi ikipiga nguzo kilomita moja kutoka shuleni hufuata waya na kuingia maabara bila kugusa paa. Fimbo haiwezi kusaidia hapo.

Nilikuwa nimefikia kuandika vipimo vyangu siku ile ya Jumapili niliposikia sauti za watu nje ya ua. Wazazi walikuwa wameanza kufika, na tayari kulikuwa na maneno. Jirani wa shule, mzee aliyekuwa na mgogoro wa mpaka na bodi, alikuwa ametajwa. Ilisemwa kwamba ile radi ilitumwa. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama kwenye boma lake, mikono nyuma, hatoki wala haingii ndani.

Sidharau wazee wetu katika mambo ya mvua. Watu wa ukoo wa Nganyi huko Bunyore wamesoma miti, wadudu na upepo kwa vizazi, na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa wamekaa nao kulinganisha utabiri. Lakini kumtaja mtu jirani yako kwamba ametuma radi ni kuhatarisha maisha yake, na huku magharibi tunajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Nilimwomba naibu aniruhusu, nikawaita wazazi watano na nikamwita na mzee, nikawapeleka nyuma ya bogenvilia. Nikawaonyesha mkato. Nikawapa zile shanga za shaba wazishike mmoja mmoja. Mama wa yule msichana aliziweka kiganjani muda mrefu. Kisha akamgeukia mzee akasema, "Baba, tusamehe," na mzee hakuweza kujibu, akatikisa kichwa tu. Tangu siku hiyo nazibeba zile shanga katika kopo la filamu kwenye mkoba wa vifaa, na mwenye shaka humwonyesha.

Naomba na hili lisikatwe, Mhariri, hata kama nafasi ni ndogo. Mwezi wa Juni 2011, wanafunzi 18 walikufa kwa radi moja katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, si mbali sana na sisi. Walikuwa ndani ya darasa. Mtoto akipigwa na radi, watu wa kwetu huogopa kumgusa, wakidhani bado ana stima mwilini au ana laana. Mwilini mwake hamna stima. Kinachoua wengi ni moyo kusimama, na anayebonyeza kifua kwa nguvu na kwa mfululizo mara hiyo hiyo anaweza kuurudisha. Ukihesabu kutoka kumulika hadi ngurumo ukakuta haijafika sekunde 30, watoto watoke uwanjani waingie ndani ya jengo imara, na wasitoke tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wasijikinge chini ya mkaratusi. Wasisimame karibu na ukanda wa kikinga radi pia, hata ukiwa mzima, wakae mita tatu kutoka hapo, maana ardhi ya pale hubeba volti tofauti kila hatua. Ng'ombe hufa wanne kwa pamoja chini ya mti kwa sababu hiyo, miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbalimbali.

Kwa bodi za shule ninachoomba ni kidogo. Februari, kabla ya mvua, mtu mmoja wa bodi atoke ofisini, aufuate ukanda kutoka paani hadi unapoingia ardhini kwa macho yake mwenyewe, akate maua yanayouficha. Kisha aitwe fundi mwenye mashine, apime, aandike namba kwa mkono wake na kutia sahihi. Fundi asiye na mashine asilipwe kwa kukagua. Na anayefunga upya, zile mita tatu za chini azifanye za ukanda wa chuma cha mabati badala ya shaba, azivike bomba la plastiki gumu. Mwizi hapati kitu hapo. Aangalie tu kwamba shaba na chuma hicho haviunganishwi moja kwa moja bila kiungo chake maalumu, vikigusana na mvua kimoja hula kingine. Hata maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba yakidondokea mabati, baada ya miaka utaona yametoboa.

Shule ile tuliifanyia hivyo wakati wa likizo ya Desemba. Shule zilipofunguliwa nilirudi kufunga kisanduku cha kupimia, na yule msichana akaja kusimama karibu nami na daftari lake kifuani. "Fundi, itarudi?"

Niliona aibu kumdanganya. "Itarudi, mwanangu. Tumeitengenezea njia ya kupita."

Akauliza njia hiyo inajulikanaje kama ni nzuri, nikamwonyesha mashine, nikamwacha abonyeze kitufe mwenyewe na kusoma namba. Tarehe 14 Februari nilirudi tena kupima baada ya kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kabisa, kwa sababu kipimo cha wakati wa ukavu ndicho cha kuaminika. Ilisoma omu 7. Nimeiandika kwa rangi ndani ya kifuniko cha kisanduku, pamoja na tarehe, na chini yake nimepiga mistari mitupu tisa.

Fundi wa stima,
Luanda, Kaunti ya Vihiga.
(Jina langu nimekuachia wewe Mhariri, ili shule isitambulike.)